Joto la Chumba cha Mushasha

Kitanda kilikuwa kitupu. Mtoto wa Kulthumu, aliyezaliwa kabla ya wakati, alikuwa ameibwa wodini mama yake akiwa amelala. Daktari hakumficha kitu Inspekta Anisia.

"Baridi ikimpiga, tutampoteza."

Ilikuwa Julai, na mji wa Gitega, Burundi, ulikuwa na baridi ya kuuma.

Anisia alihisi mwizi angekimbilia mpakani. Akaenda mwenyewe Muyinga, mji wa karibu na mpaka, kupekua magari yaendayo Tanzania. Siku mbili baadaye bado alikuwa mikono mitupu. Ndipo muuza vitenge mmoja wa hapo Muyinga, mzee Sefu, alipoingia kituoni ameshika simu.

"Afande, mi nina nyumba Gitega, mtaa wa Mushasha. Haina mtu. Umeme ilitaka kuichoma, binti yangu akaniwekea kipimajoto, kinatuma habari kwa simu. Sasa chumba moja iko na joto tangu juzi."

"Inaungua?"

"Hapana. Joto tu. Mchana, usiku, haishuki. Mwizi gani anakuja kuota moto kwa nyumba ya mtu?"

Anisia aliitazama simu. Chumba kile, nyuzi thelathini. Sebuleni, kumi na saba. Akayakumbuka maneno ya daktari: baridi ikimpiga, tutampoteza.

"Nani ana ufunguo?"

"Jovina, mwenye kufagia."

"Ana watoto?"

"Bado. Iko na mimba kubwa. Nilimuambia apumzike."

Anisia alimpigia Sajenti Damiano, aliyebaki Gitega. "Nenda Mushasha sasa hivi, na muuguzi. Bila kelele. Usimshtue mtu."

Wakasubiri, vichwa viwili vimeinamia simu moja. Thelathini. Thelathini. Ishirini na nane.

"Wamefungua mlango," Sefu alinong'ona.

Ishirini na sita. Sefu akaanza kuomba dua. Simu ya Anisia ikalia.

"Inspekta, yupo! Mzima! Msikilize."

Kilio chembamba kilipenya kwenye simu. Anisia aliigeuza simu ili Sefu naye asikie. Kando yake, Sefu alikuwa akifuta machozi kwa ajili ya mtoto asiyemjua.

"Alhamdulillahi, afande. Alhamdulillahi."

Jioni ile, Jovina aliketi mbele ya Anisia katika chumba cha mahojiano mjini Gitega.

"Mimba yako iko wapi?"

"Ilitoka. Nilizaa mtoto amekufa, kwa wodi ileile."

"Nani anajua?"

"Hakuna. Bwana yangu anafanya kazi Tanzania. Kila akipiga simu anauliza, mtoto anacheza? Mi najibu, anacheza. Jumapili anarudi."

"Ukaamua kuiba."

"Niliingia na ndoo na fagio. Hakuna aliniuliza kitu. Kufika nyumba ya mzee Sefu, mtoto amepoa kama jiwe. Nikaogopa. Nikawasha jiko la makaa, nikafungua dirisha kidogo moshi utoke. Nikamnyonyesha maziwa yangu. Sikulala. Kila asubuhi nilisema, leo namrudisha. Nikifika mlangoni, nashindwa."

Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Anapumua?"

"Anapumua. Amelala kifuani kwa mama yake."

Jovina alifunika uso, mabega yakamshuka. "Nilijua nimemuua," alisema. "Nilijua nimemuua."

Anisia alimwacha alie mpaka alipotulia.

"Mumeo lazima ajue. Nitampigia."

"Hapana, afande. Nipe simu. Nimwambie mwenyewe."

Anisia alimsogezea simu juu ya meza. Jovina alibonyeza namba, akavuta pumzi ndefu, na sauti ya mwanamume ilipoitika upande wa pili, hakudanganya tena.