Sekunde Kumi na Saba za Provia

Jumatatu, tarehe 10 Machi 2025, saa nne asubuhi, nilikuwa na mdogo wangu Wandera katika kibanda cha Twaibu, fundi wa simu mjini Busia. Malori yalikuwa yamejipanga kuelekea mpakani, jua limekwisha kuwa kali, na mimi, niliyetunza majalada ya serikali kwa miaka thelathini na mmoja, nilikuwa nimechoshwa. Ilikuwa safari yetu ya tatu kwa kazi ile ile.

Provia, mke wa Wandera, alifariki tarehe 2 Februari. Siku mbili kabla, alijirekodi kwenye simu ya mumewe akimuaga mama yake mzazi, ajuza wa kijiji cha Sop Sop asiyeweza tena kusafiri. Alimwapisha Wandera kwamba mama yake asikie kwa simu yake mwenyewe, si kwa simu ya mtu mwingine. Tangu mazishi, ajuza huyo alikuwa akikataa chakula, akinywa uji kidogo tu, hadi amsikie mwanawe. Na simu yake ndogo ya tochi, tuliyokuja nayo, ilikuwa imeikataa rekodi hiyo mara mbili.

"Faili ni nzito, mzee," alisema Twaibu. "Naigeuza ibaki sauti ya mtu tu. Mvua, kuku, pikipiki, yote inatupwa."

"Ulisema hivyo tarehe tatu. Ukasema tena tarehe sita."

"Sasa nifanye nini? Hii simu ilinunuliwa mimi bado sina ndevu!"

Nikaandika daftarini, kama ilivyo desturi yangu: rekodi ya asili, dakika mbili na sekunde kumi na nne. Twaibu alipomaliza, uzito ulikuwa umepungua mara ishirini. Urefu ulikuwa dakika mbili na sekunde thelathini na moja.

"Umeongeza nini?"

"Sijaongeza, mzee. Hii kazi ni ya kupunguza tu."

Tukasikiliza. Katika rekodi ya asili, mvua ilipiga bati mwanzo hadi mwisho. Sasa mvua haikuwapo. Provia alizungumza Kidhopadhola, lugha ya kwao niliyojifunza nilipokuwa kazini Tororo: "Mama, nakuja nyumbani. Usifunge mlango." Lakini pale mvua ilipokuwa, mwanamke mwingine alitamka maneno yale yale. Si baada yake. Kabla yake.

Provia aliponyamaza, yule mwingine aliendelea. "Mama, nimefika." Kisha kimya, kama mwalimu anayengoja darasa lirudie.

Nikaagiza faili igeuzwe upya. Ikatoka vilevile.

"Kaka, inatosha," alisema Wandera. "Mama mkwe anakufa njaa, wewe unahesabu sekunde!"

Nikachukua nakala moja kwenye kadi ya kumbukumbu, nikaifunga ndani ya bahasha, nikatia lakiri na tarehe, nikaifungia kabatini.

Jumatano, tarehe 12, tulifika Sop Sop saa tano. Kwa heshima ya ukweni, Wandera hakuingia. Aliketi mbali, karibu na ghala. Mimi ndiye niliyebonyeza simu na kuiweka sikioni mwa ajuza. Nikainama nami nisikie.

Alitabasamu. Kisha akanishika mkono.

"Huyo anayetangulia," alinong'ona, "ni mama yangu."

Mama yake alizikwa mwaka 1974.

Nikatafuta kitufe cha kuzima. "Mama, nimefika," ilisema sauti. Kimya.

Mlangoni pakaingia kivuli.

"Mama, nimefika."

Alikuwa Wandera. Alikuwa amevuka kizingiti ambacho mkwe havuki. Alisema kwa Kidhopadhola. Wandera hajui hata salamu ya lugha hiyo.

"Karibu, mwanangu," alijibu ajuza. "Sasa nitakula."

Akala. Wandera alimlisha kwa mkono wake. Jioni nilipomwita turudi kwetu Buhehe, alinitazama kana kwamba mimi ni mgeni. "Mzee, mimi niko nyumbani," alisema. Yuko huko hadi leo.

Jumatatu, tarehe 14 Aprili, niliitoa bahasha kabatini. Lakiri ilikuwa nzima. Nikaipeleka kadi kwa Twaibu.

Dakika mbili na sekunde thelathini na tisa.

Baada ya kimya, Wandera anajibu, "Mama, nimefika." Sauti ni yake. Nakala hiyo niliifunga siku mbili kabla hajayasema maneno hayo.

Kisha, kabla rekodi haijakatika, yule mwanamke anayetangulia anavuta pumzi, kama anayetaka kusema tena.