Vyumba Kumi vya Wazee Wawili

Nyumba tulimozaliwa ilikuwa ya duara. Ilikuwa na paa la nyasi na nguzo moja nene katikati. Tuliishi humo watu sita na ng'ombe wawili. Baba yetu, Mzee Habte, alilala karibu na mlango. Mama yetu, Wubit, alilala karibu na moto. Katikati tulilala sisi watoto wanne. Mmoja akigeuka, wote tuligeuka.

Sisemi kwamba kila kitu kilikuwa kizuri. Moshi ulituwasha macho. Mama alikohoa kila msimu wa mvua. Ng'ombe nao walikuwa ng'ombe. Lakini mpaka leo, mvua ikinyesha, naikumbuka nyumba ile. Baba alikuwa akitusimulia jinsi alivyokwenda Addis Ababa kwa miguu ujanani.

"Nilitembea siku nane," baba alisema.

"Sita," mama alisema. "Mwaka jana ulisema sita."

"Mwaka jana nilitembea haraka."

Tulicheka mpaka ng'ombe wakageuza vichwa.

Kaka yetu mkubwa, Zergaw, aliondoka kwenda Addis Ababa akiwa na miaka kumi na mitatu. Alianza kwa kung'arisha viatu vya watu. Baada ya miaka mingi akawa na duka lake la taa na nyaya za umeme. Hakuwasahau wazazi. Mwaka mmoja alikuja kwa sikukuu ya Meskel, wakati sisi Wagurage wote tunaporudi kwetu. Alikuja na karatasi kubwa yenye ramani ya nyumba.

"Mama, nakujengea vyumba kumi," alisema.

"Kumi? Vya nini, mwanangu?"

"Vya heshima, mama. Uliteseka sana kwa ajili yetu."

Mama alilia kwa furaha. Nyumba ya zamani ikabomolewa. Aliomba wamhifadhie ile nguzo ya katikati. Mafundi wa mjini hawakumwelewa. Waliipasua kuni, wakachemshia chai.

Nyumba mpya ilikuwa ya ghorofa, yenye vioo vya buluu na sakafu ya vigae. Watu walitoka vijiji vingine kuja kuitazama. Mama alijivuna, na alistahili. Lakini mimi niliolewa, nikaenda kufundisha shule mjini Welkite. Wadogo zangu wawili walimfuata Zergaw Addis Ababa. Wakabaki wazee wawili na vyumba kumi.

Kila nilipokwenda kuwasalimu, nilimkuta mama na ufagio.

"Pumzika, mama," nilimwambia.

"Nitapumzika vipi, Yeshi? Nikimaliza chumba cha kumi, cha kwanza kimeshajaa vumbi."

Huko kwetu milimani ni baridi. Vigae vilikuwa baridi kama maji ya mtoni. Madirisha makubwa yalitazama barabara, ili wapita njia wayaone. Jua la asubuhi lilipiga ukuta wa nyuma, usio na dirisha hata moja. Jiko lilikuwa nyuma pia, mbali na nyumba. Mama alipika peke yake. Baba alikaa sebuleni peke yake, amejifunika blanketi.

Kisha ikaja siku mbaya. Ilikuwa asubuhi, katika mwezi wa mvua kubwa. Upepo ulikuwa ukigongesha dirisha la juu. Baba alipanda kulifunga. Wakati wa kushuka aliteleza kwenye vigae vilivyolowa. Akaanguka mpaka chini ya ngazi, mguu ukavunjika.

Aliita. Mama alikuwa jikoni, na mvua ilikuwa ikipiga mabati. Hakusikia. Alidhani baba ametoka kwenda kuwaangalia ng'ombe. Baba aliita mpaka sauti ikakauka. Mama alimkuta saa sita mchana, alipoleta chakula. Alikuwa amelala pale tangu saa mbili asubuhi.

Nilipofika hospitalini, baba alikuwa ameushika mkono wa mama.

"Nilikuita mara mia, Wubit," alisema taratibu. "Miaka hamsini, sijawahi kukuita usinisikie."

Mama alijifunika uso kwa shali yake.

Baba aliporudi nyumbani, tulimwita jirani yetu, Fundi Shikur, atengeneze magongo. Shikur ni seremala na mwashi. Amejenga nyumba nyingi katika wilaya yetu, na hapendi kubembeleza mtu. Alipima urefu wa baba. Kisha akazunguka nyumba nzima, juu na chini.

"Mama Wubit," aliuliza, "katika vyumba hivi, mnaishi wapi?"

"Swali gani hilo, Shikur? Tunaishi humu humu."

"Humu wapi?"

Mama akatazama sebule, akatazama ngazi. Shikur akanigeukia. "Mwalimu, una chaki?"

Nilikuwa nayo mkobani. Akampa mama. "Kila mkiingia chumbani kwa shughuli yoyote, kula, kulala, kuongea, chora mstari mmoja mlangoni. Kufagia hakuhesabiwi. Fanya hivyo wiki moja."

"Na kama nimeingia kumfukuza panya?"

"Mchoree panya mstari wake," alisema Shikur. "Huenda yeye ndiye anayeishi huko."

Baba alicheka kwa mara ya kwanza tangu aanguke.

Wiki ilipokwisha, Zergaw alifika kutoka Addis Ababa kumwona baba. Mimi na Shikur tulikuwepo. Shikur alisema wazi: wazee hawa wanahitaji nyumba ndogo, palepale uwanjani.

Zergaw aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto. "Nyumba ndogo? Fundi, unataka watu waseme nimefilisika? Kwamba wazazi wangu wamerudi kibandani?"

"Sikusema kibanda. Nyumba ndogo si kibanda. Kibanda ni nyumba iliyojengwa bila kufikiri, hata ikiwa na ghorofa tatu."

"Nyumba hii imefikiriwa na mhandisi!"

"Alifikiria barabara. Hakumfikiria mama yako. Zunguka uone milango."

Zergaw alizunguka. Mimi nilimfuata. Mlango wa sebule ulikuwa na mistari mingi. Chumba cha kulala, mingi. Chumba cha tatu, mitano, maana mama aliweka humo magunia. Milango saba mingine ilikuwa mitupu. Juu, mlango wa mwisho ulikuwa wa chumba alichojijengea Zergaw mwenyewe. Aliufungua. Godoro lilikuwa bado ndani ya nailoni ya dukani. Kila alipokuja alilala usiku mmoja hotelini Welkite, kisha akarudi kazini.

Zergaw alikaa juu ya ile nailoni.

"Dada," aliniambia, "baba aliita kwa saa nne?"

"Saa nne, kaka."

Aliposhuka macho yake yalikuwa mekundu. Alimwambia Shikur, "Nieleze hiyo nyumba yako."

Shikur alichora uwanjani kwa kijiti, chini ya dirisha la baba. "Nyumba hupimwa kwa watu wanaoishi ndani, na kwa shughuli zao. Hapa kuna wawili. Chumba kimoja cha kulala, kimoja cha mgeni, na kimoja kikubwa cha kukaa. Jiko liwe ndani, upande huu, na bomba la kutolea moshi nje. Mama akipika, anamwona mzee."

"Na moshi haurudi?" mama aliuliza haraka.

"Haurudi. Kikohozi hakitakusumbua tena. Ng'ombe wawe na banda lao. Dirisha lielekee jua linakotoka, ili chumba kipate joto bila kuni. Dari iwe chini ya mabati, izuie baridi na kelele za mvua. Mlangoni pasiwe na kizingiti wala ngazi. Vitu viwekwe chini ya mabenchi na kwenye rafu, maana nyumba ndogo bila mpango ni ghala. Na chooni niweke fimbo ya kushikilia."

"Watu wakisema je?" Zergaw aliuliza, sasa kwa sauti ndogo.

Baba akajibu kutoka kitandani. "Waje waseme hapa. Angalau tutawasikia."

Nyumba ilijengwa kwa miezi miwili. Ile kubwa haikubomolewa. Wanawake wa kijiji walikuwa wakitafuta mahali pa kuwaweka watoto wao wadogo wasome. Zergaw akawapa vyumba vyote vya chini, akafungia ngazi kwa mlango wa mbao ili mtoto asipande. Kila asubuhi watoto arobaini huimba herufi mle ndani. Vioo vya buluu vina alama za vidole mpaka urefu wa kiuno, na mama hafagii tena.

Baba alipona. Anatembea kwa gongo moja. Asubuhi hukaa kwenye benchi la dirishani, jua likimpiga mgongoni, akimenya vitunguu. Kabla ya hapo hakuwahi kumenya kitunguu maisha yake yote. Mama anasema anamenya vibaya, na anampa vingine. Kikohozi cha mama kimepungua sana.

Meskel iliyofuata tulikuja sote. Zergaw alileta mkewe na watoto, wadogo zangu wakaja, nami nikaja na wangu. Mama alikata mkate wa kocho, ule wa mgomba wa kwetu, akagawa nyama ya kusaga ya kitfo na jibini. Wengine walikaa kwenye mabenchi, wengine chini kwenye mikeka, wengine mapajani mwa wengine. Mvua ya mwisho ya msimu ikaanza kunyesha, na jioni ikaingia.

Mama aliangalia vichwa vyote vile, akaona haya kidogo.

"Wanangu, mnabanana bure," alisema. "Kule juu, kwenye nyumba kubwa, kuna vitanda vitano vimetandikwa. Nendeni mkanyooshe miguu."

Zergaw aliangalia dirishani, kwenye ile nyumba kubwa aliyoijenga kwa jasho lake. Kisha akavua viatu, akavisukuma chini ya benchi, akamwomba mama kahawa nyingine.

Hakuna aliyeinuka.