Mdundo Aliouokota Nuhu

Kitendawili! Haya, semeni "tega", nami nitege. Mpiga ngoma wangu hana mikono, hana ngozi, haombi maji ya kunywa, na akishaanza haachi mpaka aambiwe.

Mmeshindwa? Nipeni mji. Nimepewa Kigoma, nimekwenda, nimekula migebuka kwa ugali wa muhogo, nimerudi. Jibu ni mashine ya ngoma. Ni kisanduku chenye vitufe, ukikibonyeza kinapiga kama kundi zima la wapiga ngoma. Na kimoja cha namna hiyo kilishuka Kibirizi kwa boti ya Kagunga, kikitokea Bujumbura, asubuhi ambayo Mwamini alikuwa akilinda chanja yake ya dagaa.

Mwalo, pale boti zinapoegesha, ulikuwa umefurika. Wachukuzi wanasukumana, akina mama wa vitenge vya Kongo wanagombea ndoo, moshi wa mashine za boti unawasha macho. Kijana mmoja mrefu, shati jeupe, viatu vimeng'arishwa kana kwamba hakujua kuna mchanga duniani, akapokea boksi lake, akatazama huku na huku, kisha akalitua juu ya chanja.

"We kaka! Boksi lako limekalia dagaa zangu."

"Samahani, dada. Nilidhani meza."

"Meza! Kwenu meza zinanuka hivi?"

"Kwetu Kasulu zinanuka maharage."

Mwamini akacheka mpaka mtandio wa zambarau ukamteleza begani. "Mtu wa milimani! Ndiyo maana. Na humo mna nini?"

"Ngoma."

"Ngoma gani inaenea kwenye boksi la biskuti?"

"Nipe namba yako ya simu, siku moja nitakuonyesha. Aliyekuwa akiimba sasa hivi ni wewe?"

"Nilikuwa nafukuza kunguru."

"Basi kunguru wa hapa wana bahati kuliko mimi."

Kijana huyo ni Nuhu, fundi simu wa Gungu. Namba alipewa, maneno yakawa mengi, wakakubaliana Mwamini aimbe naye arekodi. Lakini chumba chake kilipakana na karakana ya kuchomelea vyuma, huwezi kurekodi hata kikohozi. Mwamini akamwomba mama yake, Bi Safina, awaazime chumba cha uani, kwao Ujiji.

"Mlango ubaki wazi," akasema Bi Safina. "Na mimi nitakuwa hapa nje nachambua mchele."

Basi mchele wa nyumba ile ukachambuliwa kuliko mchele wowote Ujiji. Nuhu akija hubisha hodi kwa salamu ya kwao, "Mwakeye, mama, shikamoo," kisha hupiga magoti chini akaunganisha nyaya.

"Tazama, kipenzi. Waya huu mwembamba unapeleka amri. Kompyuta ikisema 'anza', mashine inaanza. Huu mnene unapeleka sauti. Ukichomeka mwembamba peke yake utapata amri tupu, sauti hakuna."

"Kama wanaume wa milimani," akasema Mwamini. "Amri tele."

Nje Bi Safina akakohoa, lakini kikohozi chenyewe kilikuwa cha kuficha kicheko.

Bi Safina hakuwa mtu wa kucheka sana. Mumewe, Mzee Pazi, alichukuliwa na ziwa Mwamini akiwa bado mdogo. Sasa mwanawe wa kiume, Swaibu, naye alikwenda kuvua kila usiku, na kila asubuhi mama hakugusa chai mpaka asikie boti ya Swaibu imeingia. Watu wote wa mtaa walilijua hilo. Nuhu pia.

Siku moja Nuhu alikwenda Ilagala kupeleka simu za wateja. Akiwa barabarani, juu ya mwalo, akasikia mdundo kutoka majini. Boti ilikuwa ikija polepole, na watu ndani wakipiga madumu ya mafuta: mapigo mawili mazito, kimya, matatu mepesi. Ukamsisimua mwili mzima. Akanyoosha simu, akaurekodi, akapanda bodaboda akaenda zake. Baadaye akautia ndani ya mashine na kuuwekea besi. Alipokwenda Ujiji kumpa Mwamini zawadi hiyo hakumkuta, yuko Kibirizi, basi akaacha kila kitu kimeunganishwa, spika dirishani.

Asubuhi iliyofuata akapiga simu.

"Umeamkaje, malaika wangu?"

"Kwa hofu. Saa nne hii, Swaibu hajaingia. Upepo umevuma tangu jana, na mama kakaa uani na kikombe mkononi, hanywi, hasemi."

"Atarudi. Imba kidogo, moyo utulie. Nimekuachia mdundo mpya. Fungua wimbo kwenye kompyuta, bonyeza kitufe chekundu, mashine itaanza yenyewe. Halafu, Mwamini..."

"Abee."

"Niwalete wazee wangu kwa mama?"

Mwamini akashika ukuta. Furaha na woga vilimjia pamoja, hakujua ashike kipi. "Swaibu akirudi nitakujibu."

Akakata simu, akaingia chumbani, akabonyeza.

Dum, dum. Kimya. Ti-ti-ti.

Mwamini akautambua papo hapo. Wavuvi wa mwambao ule wote wakirudi na maiti hawaingii kimyakimya. Wanapiga madumu kwa mapigo hayo tangu mbali, ili wanawake wateremke na kanga za kumfunika marehemu. Hivyo ndivyo Mzee Pazi alivyorudishwa.

Mwamini akarukia nyaya, akachomoa wa kwanza uliomjia mkononi. Ulikuwa mwembamba. Amri ya kuanza ilishafika. Ya kusimama sasa haikuwa na njia. Mashine ikaendelea. Dum, dum. Kikombe kikavunjika uani.

"Swaibu! Swaibu wangu!"

Alipokuja kuizima kwa kung'oa kila waya, mama alikuwa ameshatoka, peku, kichwa wazi, na majirani nyuma yake wakipiga mayowe, maana nao walisikia. Mwamini akakimbia. Akamkuta mama majini mpaka kiunoni, kitenge kimetandaa majini ubavuni mwake, anauliza mawimbi: "Yuko wapi? Mmemlaza wapi?"

"Mama, ni mashine! Si boti, ni mashine ya Nuhu!"

Mama hakusikia. Na Mwamini mwenyewe, akitazama ziwa tupu lililochafuka mpaka upande wa Kongo, akaanza kuitafuta kwa macho boti ya kaka yake. Swaibu kweli hakuwepo. Mashine ilikuwa imedanganya, au ilikuwa imetangulia tu?

Nuhu alifika kwa bodaboda. Jirani alimpigia simu. Mwamini akamkamata shati.

"Uliutoa wapi mdundo ule?"

"Ilagala. Mwaloni."

"Hukuuliza ni wa nini?"

Nuhu akainamia viatu vyake.

Wakangoja pale. Hakuna aliyeketi. Kila chombo kilichochomoza kwa mbali, wanawake wote walinyamaza ili kusikiliza kama kinapigwa. Kikaja kimoja, hakikuwa chao. Kikaja kingine. Mwamini alikuwa amemkumbatia mama kutoka nyuma, na mapigo ya moyo wa mama aliyasikia kwenye mikono yake mwenyewe.

Mwisho zikatokea boti mbili, moja ikiivuta mwenzake kwa kamba. Hazikupiga chochote. Kwenye ile ya nyuma alisimama kijana mwenye koti la plastiki la manjano.

"Mashine ya boti imekufa tangu alfajiri," Swaibu akapaza sauti. "Mbona watu wote hawa? Nani kafa?"

Bi Safina akamzaba kofi, kisha akamwangukia kifuani. Alipoinua uso, alimtazama Nuhu bila hasira, na hilo lilimwumiza Nuhu zaidi.

"Kaondoe vitu vyako nyumbani kwangu. Na mdundo huo usiufute kabla hujajua ni wa nani. Umembeba mtu wa watu ndani ya kisanduku."

Tangu hapo Nuhu akipiga simu, inaita mpaka inakatika. Ujumbe anaandika, haujibiwi. Mwamini akiwa kwenye chanja yake Kibirizi, kunguru walikula watakavyo, hakuimba. Moyoni alisema: mtu huyu amechukua kilio cha watu akakifanya starehe. Kesho atachukua nini?

Jioni moja ikabishwa hodi. Nuhu alisimama mlangoni, viatu vimejaa mchanga mpaka kwenye kamba.

"Shikamoo, mama. Natoka Ilagala."

"Marahaba. Mdundo ulikuwa wa nani?"

"Anaitwa Feliksi. Aliangushwa na wimbi akitega nyavu. Mjane wake anaitwa Recho. Nilimweleza yote. Alinifukuza. Nikarudi kesho yake, akaniruhusu kuketi. Akataka ausikie mara moja, akalia, kisha akaniambia nifute. Nimefuta palepale mbele yake, kwenye mashine, kwenye kompyuta na kwenye simu."

Midomo ya Bi Safina ikatembea kwa dua. Kisha akavuta kigoda kwa mguu. "Kaa, mwanangu. Umekula?"

Mwamini hakutoka jikoni. Aliongea akiwa amempa mgongo, mwiko mkononi.

"Niliuliza swali, ukanyamaza."

"Niliona, Mwamini. Niliona wanawake wanateremka na kanga, wanalia. Nilijua kuna jambo. Niliogopa kuuliza, maana nikiambiwa nisingeweza kuutumia, na ulikuwa mzuri. Sikuwa mjinga. Nilikuwa mwoga."

Mwiko ukasimama. Mwamini akageuka, macho mekundu. Labda moshi, labda si moshi.

"Ungesema hukujua ningekufukuza."

"Ningeweza kusema hivyo."

"Na bado unaogopa?"

"Sasa hivi? Kuliko siku ile. Ulisema Swaibu akirudi utanijibu. Swaibu amerudi, yuko uani anashona nyavu. Mimi bado nangoja."

Mwamini akamtazama mama yake. Mama akajitia kuchambua mchele, na sinia lenyewe lilikuwa tupu.

"Walete wazee," akasema Mwamini. "Ila waje bila ngoma."