Koo ni la Mwenye Shingo

Zilikuwa dakika za lala salama. Mindu na Bigwa, watani wa jadi wa jiji la Morogoro, ubao ulikuwa bado unasoma bila kwa bila. Refa roboti aliteleza juu ya nyasi kwa magurudumu yake, droni za kamera zikazunguka juu ya uwanja kama nzi juu ya embe bivu, lakini watu hawakuwa na habari nazo. Masikio yote yalikuwa kwenye shingo ya mtu mmoja.

Katika shingo hiyo, pale ambapo wewe na mimi tuna koromeo la nyama, Faraji Kobelo alikuwa na koromeo mnemba. Kilikuwa kidude cha rangi ya fedha, kikubwa kama kifuniko cha soda. Kilisoma mishipa ya shingo, kikajua neno analotaka kulisema, kikalitoa kwa sauti yake mwenyewe, ile ile aliyotangazia mpira ujana wake wote kabla saratani haijamla koo. Ulikuwa uvumbuzi wa ajabu, na asije mtu akaniambia haukuwa.

"Naaam! Anauchukua Kipingu, anamwacha mmoja, anamwacha wa pili, anaingia eneo la hatari, jamani hatariii! Anapiga... na usisahau, mpenzi msikilizaji, biskuti za Tamani, tamu asubuhi, tamu jioni!"

Bao liliingia katikati ya biskuti. Uwanja mzima ukazomea, na waliokuwa nyumbani hawakujua nani kafunga. Faraji alijishika shingo, macho yamemtoka kwa hasira. Maneno yale yalitoka kooni mwake, kwa sauti yake, na yeye hakuyasema.

Kwenye jukwaa la mzunguko, Siwema Banzi alisonya hadi jirani yake akageuka. Siwema alikuwa mhandisi wa programu, mwenye karakana ya kutengeneza makoromeo pale Mafiga, na alijua vizuri sana biskuti zile zimepitia wapi. Zilitoka Kitovu.

Kampuni ya Kitovu haikuanza kwa ubaya. Ilianza kwa kugawa. Iligawa mfumo endeshi wa simu bure, ikagawa wa mabomba ya maji bure, wa milango ya mabasi bure, wa vitanda vya hospitali bure. Wazee walisema rahisi ni ghali. Basi bure je? Kufumba na kufumbua, hakuna kifaa kilichowaka mjini bila ruhusa ya Kitovu, na kila kampuni ndogo iliyochomoza kichwa ilinunuliwa au ilizimiwa taa. Hata viwanda vya biskuti walinunua. Wakati Faraji alipougua, walilipia upasuaji wake, wakamvalisha koromeo, na huku nyuma wakanunua kumbukumbu zote za redio alizowahi kutangazia. Sauti ya Faraji ikawa mali ya Kitovu, naye akawa mpangaji kooni mwake.

Kesho yake asubuhi mzee Faraji aliingia karakanani kwa Siwema, mkewe Bi Havijawa akiwa nyuma yake na kanga imefungwa kiunoni kama mtu anayekwenda kugomba.

"Shikamooni," alisema Siwema.

"Marahaba, mwanangu," alijibu Bi Havijawa. "Wamemletea mkataba mpya. Kuanzia mwezi ujao atangaze kwenye redio ya Kitovu tu. Akikataa, wanamzima."

"Wananizima kama taa ya choo," alisema Faraji. "Nikisaini, ndiyo mwisho wa kutangaza mechi za mchangani. Kitovu hawana haja na mchangani, hakuna tiketi. Na mimi ni mtoto wa mchangani, Siwema. Sisaini ng'o!"

"Mwambie na lile lingine," alisema mkewe.

Faraji alitazama chini. Kisha akamwelekea Bi Havijawa, akavuta pumzi, akasema kwa upole kabisa: "Biskuti za Tamani wangu."

Siwema alicheka. Alipoona hakuna mwingine anayecheka, akanyamaza.

"Tangu tuoane ananiita Kisheti," alisema Bi Havijawa. "Sasa kila akiniita, hicho kidude kinadhani anasifia kitafunwa cha watu wengine, kinamrekebisha. Miaka sita hajaniita. Ananipigia makofi kama anafukuza kuku."

Tatizo la kwanza ambalo Siwema alipaswa kulitatua lilikuwa uongo. Kitovu walikuwa wameapa mbele ya serikali kwamba programu yao na koromeo ni pacha walioungana: ukivitenganisha, mvaaji hukata pumzi. Kwa kiapo hicho, hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuandika programu ya makoromeo. Lakini Siwema alikuwa amefungua makoromeo mabovu mengi mno kuamini hadithi hiyo. Pumzi ililindwa na kijivali chake chenyewe, kilango kidogo cha hewa kisichojua hata kama Kitovu ipo duniani. Programu kazi yake ilikuwa kusema, na kuuza. Basi akaandika ya kwake, isiyouza chochote, akaiita Kasuku, kisha akawashtaki Kitovu kwenye Baraza la Soko Huru, linalohukumu kampuni zinazobana wengine.

Tatizo la pili lilikuwa gumu zaidi. Kasuku hakuwa na sauti. Siwema alimjaribu kwa sauti ya msomaji wa taarifa ya habari, akaicheza kwenye spika. Faraji aliisikiliza hadi mwisho.

"Huyo anatangaza vifo," alisema. "Mpira hapana."

Na sauti halisi ilikuwa imefungiwa kwa Kitovu. Kugusa sekunde moja tu ya kumbukumbu zile kungekuwa wizi, kesi ingekufa siku hiyo hiyo. Siwema alikosa raha wiki nzima, hadi siku moja mchana alipokwenda kula kwa Mkude, mchoma nyama wa Sabasaba. Mkude aligeuza mbavu za mbuzi juu ya jiko, akapaza sauti:

"Naaam! Anaigeuza Mkude, inakwenda kulia, inakwenda kushoto, pilipili inaingia, jamani hatariii! Ni buuubu! Mteja haongei, mteja anatafuna!"

Watu wakacheka, na Siwema akabaki na tonge mkononi. Lahaula! Nani mjini hapa asiyemwigiza Faraji Kobelo? Makonda walimwigiza, walimu walimwigiza wakisahihisha mitihani, maharusi walimwigiza wakikata keki. Kitovu walikuwa wamenunua sauti yenyewe, lakini nani atainunua midomo ya watu?

Akatangaza. Anayejua kumwigiza Faraji aje Mafiga, ajirekodi, aitoe sauti yake kwa hiari. Foleni ilikwenda hadi barabarani. Kutoka Kigoma walituma, kutoka Newala walituma, bibi mmoja wa Kilosa alituma tangazo zima la bao la kichwa huku akikuna nazi. Haba na haba, Kasuku akajaa. Kila mmoja alikuwa amekosea kidogo kwa namna yake, na Kasuku alipoyalaza makosa yote pamoja, katikati yake akapatikana Faraji.

Baraza la Soko Huru lilikaa kwenye ukumbi wa jiji. Mawakili wa Kitovu walijaza benchi mbili, na mkubwa wao, Wakili Lyatuu, alisimama akiwa na uso wa mtu aliyefiwa.

"Mheshimiwa Jaji, programu na koromeo ni moyo na damu. Huyu binti anataka kumuua mzee wa watu mbele yetu. Sisi tunamwonea huruma."

"Huruma yenu wekeni," alisema Siwema. "Tuvitenganishe hapa hapa, wote mkiona."

Jaji Nakiete, mwanamke mnene asiye na haraka, alimtazama Faraji juu ya miwani. "Mzee Kobelo, wamesema koromeo likiondolewa programu yao halirudishiwi tena. Huyu mhandisi akishindwa, utakuwa bubu hadi kaburini. Unaelewa?"

"Naelewa, Mheshimiwa," alisema Faraji. Yalikuwa maneno yake ya mwisho kwa sauti ya Kitovu. "Hata sasa sisemi. Nasemewa."

Siwema aliweka ufunguo wa sumaku juu ya kile kidude. Taa ya bluu ikafifia, ikazima. Ukumbi mzima ukatazama kifua cha mzee. Kikashuka. Kikapanda tena, na tena.

"Anapumua vizuri," alisema daktari wa baraza, na kwenye benchi za Kitovu wakaanza kunong'onezana.

Kasuku akaingia. Taa ya kijani ikawaka. Faraji alifungua mdomo, na hakikutoka kitu.

Akajaribu tena. Kimya. Wakili Lyatuu akaanza kukusanya vitu vyake taratibu, kama mtu aliyemaliza kula. Bi Havijawa alisimama. "Siwema, mwanangu? Vipi?"

Siwema aliinamia kile kidude, akakikagua upya. Taa ni ya kijani, mishipa inasomeka, maneno yanaingia, mbona hayatoki? Alimtazama mzee. Faraji alikuwa ameinamisha kichwa kwa adabu, mikono nyuma, anamsemesha jaji kwa sauti ya chini kama tulivyofundishwa wote kusema na wakubwa. Hapo ndipo Siwema alipoona kosa lake, akataka kujipiga kofi. Wale waigizaji wote, kuanzia Mkude hadi bibi wa Kilosa, hakuna hata mmoja aliyemwigiza Faraji akinong'ona. Wote walipiga kelele! Kasuku hakuwahi kusikia sauti ya chini maishani mwake.

"Mzee!" alipaza sauti Siwema. "Acha adabu! Tangaza!"

Faraji alishtuka. Kisha akaelewa, akainua kidevu, akavuta pumzi ya ndani kabisa.

"Naaaaaam!"

Vioo vya ukumbi vilitikisika. Watu waliruka vitini.

"Naaam, mpenzi msikilizaji, tuko ukumbi wa jiji, umefurika hadi dirishani! Wakili Lyatuu ana mpira, anakwenda kulia, anasema mzee atakufa, anakwenda kushoto, mzee hajafa! Anapiga chenga, anajipiga chenga mwenyewe, jamani hatariii! Anateleza, yuko chini, Kitovu wako chini! Binti Banzi anauchukua, yuko peke yake, anapigaaa... Gooooo! Gooo! Gooo! Na hakuna biskuti!"

Ukumbi ulilipuka. Walinzi walikumbatiana na washtaki, Mkude alipanda juu ya kiti, na Bi Havijawa alipiga vigelegele hadi sauti ikamkauka. Haikuwa sauti ile ya zamani moja kwa moja. Ukisikiliza sana ungesikia humo Kigoma kidogo, Newala kidogo, na moshi wa jiko la Mkude. Lakini alikuwa Faraji, na wote walijua ni Faraji.

Jaji Nakiete aligonga meza mpaka wakatulia. "Mzee Kobelo, baraza hili halina kipindi cha pili. Keti." Lakini midomo yake ilikuwa inamcheza. Uamuzi wake ulikuwa mfupi. Kitovu walikuwa wamelidanganya taifa. Mifumo yao yote, ya makoromeo, ya mabomba, ya vitanda, ifunguliwe, kila mwenye programu yake aingie. "Na kuhusu koo," alimalizia, "koo ni la mwenye shingo."

Jioni ile mji ulicheza. Mabomba yalitoa maji bila kumwuliza mtu, na mchangani Mafiga Faraji alitangaza mechi ya watoto wasio na viatu mpaka jua likazama.

Baada ya siku chache, Siwema alikwenda nyumbani kwa Faraji kumkagua koromeo. Alimkuta Bi Havijawa peke yake jikoni anachuja chai, na uso wake haukuwa wa mshindi.

"Nashukuru, mwanangu. Umetupigania, na Mungu akulipe. Lakini tangu juzi mume wangu akiomba chumvi anaomba kama bao limeingia. Majirani wanashangilia." Alijaribu kutabasamu, akashindwa. "Ile ya chini, ya chumbani, ya kuulizana habari za watoto, hana tena. Imebaki kule kwao Kitovu. Sitaisikia tena, eti?"

Kweli ilikuwa kweli: Kitovu walifungua milango, lakini kumbukumbu walizonunua zilibaki zao kisheria, na wao, kwa kisirani cha kushindwa, walikuwa wamekwisha kuzifuta. Sauti ya kwanza ya Faraji Kobelo haipo tena duniani. Ushindi ule ulikuwa na bei yake, na aliyeilipa ni huyu mama.

Siwema akaweka begi chini, akatoa kinasa sauti.

"Mama, sauti hiyo nani anaijua?"

"Nani mwingine aijue? Mimi tu."

"Basi mwigize."

"Ala! Mimi?" Bi Havijawa alijifunika mdomo kwa upindo wa kanga. "Mimi nimwigize mume wangu? Aibu hiyo!"

"Kasuku kafundishwa na watu wote. Kakosa wewe tu."

Ilichukua muda. Alianza, akacheka, akaacha, akafuta macho. Mwisho alikaa kwenye kigoda, akafumba macho, akashusha sauti mpaka chini kabisa, nzito na ya uvivu kidogo, sauti ya mwanaume aliyelala chali baada ya chakula. Alisema maneno mengi ya nyumbani, ya chumvi, ya watoto, ya mvua. Siwema aliyaingiza yote kwenye Kasuku, akatoka uani alikokuwa amekaa Faraji, akagusisha ufunguo shingoni mwake, akarudi jikoni bila kusema neno.

Kisha sauti ikapita dirishani, taratibu, ya chini:

"Kisheti. Kisheti wangu. Chai iko wapi?"

Bi Havijawa alishika ukingo wa meza. Machozi yalimtiririka mpaka shingoni, asiyafute.

"Iko jikoni!" alijibu kwa ukali. "Au na miguu nayo umekodi kwa Kitovu?"