Aliyemjibia Thoya

Kisa hiki alikisimulia kwanza Mejumaa, shangazi yake Thoya, mwaka wa 1997, akichambua mchele. Kilitokea mwaka uliotangulia, nyumbani kwake Mji wa Kale, Thoya alipokuwa akilala chumba cha juu na kusoma chuo kimoja upande wa Tononoka.

Kilianza kwa harufu ya chokaa mbichi ngazini, na ukuta haukuwa umepakwa.

"Mchuzi nimesahau kuutia chumvi," Mejumaa alimtania Thoya, "nawe waula tu kama punda. U hali gani?"

"Njema, shangazi."

Kwao hata mwenye homa hujibu njema kwanza. Mejumaa hakuuliza zaidi.

Adhuhuri moja akaja Jacinta, mwanafunzi mwenzake Thoya.

"Shikamoo, mama. Thoya anaumwa? Darasani hatumwoni tangu mwezi uliopita."

"Hapa hutoka na vitabu kila siku." Mejumaa akaita kuelekea juu, "Thoya, u hali gani, baba?"

"Njema, shangazi," sauti ikajibu chumbani.

Jacinta akamshika mkono. "Mama," alinong'ona, "Thoya yuko hapa nyuma yetu."

Alikuwa ameketi barazani, amefumba mdomo, akitazama ukuta wa jirani, na huko juu, bila kuulizwa tena, sauti yake iliendelea, njema, shangazi, njema, huku harufu ya chokaa ikishuka ngazi baada ya ngazi mpaka ikawafikia, naye hakugeuka hata kutazama.

Mganga Mung'aro akaitwa. Alifukiza ubani, akaliuliza jini linataka nini.

"Sitaki kitu," lilijibu. "Mwauliza, najibu, mwaenda zenu."

Mung'aro akafunika chetezo. "Hili halitoki kwa moshi. Mwalilisha nyinyi. Muulizeni Thoya mwenyewe, kisha msiondoke."

Wakaketi kando yake. Mejumaa akauliza. Juu kukajibiwa njema. Hawakuinuka. Akauliza tena, na tena. Chai ikapoa, adhana ya alasiri ikapita, na sauti ile ikafifia kama ya mtu aliye ndani ya mtungi.

"Si njema," alisema Thoya, polepole. "Sihisi kitu, shangazi. Hata nikifa sitajua tofauti."

"Haya," alisema Mejumaa. "Tupo. Sema."

Juu kukanyamaza.

Tangu siku hiyo Jacinta alimpitia kila asubuhi, na akishauliza hali, hakuondoka mlangoni mpaka amwone akisogeza midomo.

Mejumaa na Mung'aro wamefariki. Jacinta yu hai. Thoya yu hai pia, afanya kazi Shimanzi. Ukimuuliza hali, hutega sikio juu kwanza, asikilize kama yuko atakayemtangulia kujibu.