Jaribio Lililoandikwa Mwishoni

Walikutana kwenye foleni ya dirisha la dawa, hospitali imefurika watu na jua linachoma. Binti alivaa gauni jepesi la manjano na bado jasho lilimtoka. Mwanamume aliyesimama mbele yake alivaa koti zito lenye manyoya shingoni.

"Kaka, una homa au umepotea njia?" akamchokoza.

"Natoka kwenye damu, dada yangu," akajibu kwa uso mkavu, kisha akacheka. Ndiye aliyetunza majokofu ya damu pale hospitalini.

Kabla hawajafika dirishani walishapeana mikono, wa kaka ukiwa baridi kama barafu, na namba pia. Haukupita muda binti akawa anamwita Barafu, naye akaitwa Fundi.

Na kweli alikuwa fundi. Alikuwa ameandika maktaba ya kompyuta, yaani kipande cha programu ambacho wenzake hukitia kwenye kazi zao ili kisome amri anayochapa mtu na machaguo, maneno ya ziada yanayokwenda nayo. Programu ya majokofu ilijengwa juu ya maktaba hiyo hiyo. Barafu alipojua alimkumbatia kwa fahari, ila kuna jambo lilimkaa rohoni.

"Mpenzi, nikichapa amri ya kuzima na kuandika 'jaribio' kabla ya jina la jokofu, programu inajaribu tu, hailizimi. Juzi nililiandika neno hilo baada ya jina, ikalizima jokofu kweli. Bahati lilikuwa tupu."

"Machaguo kwanza, jina baadaye. Ikishaona jina haisomi tena machaguo. Sheria iko wazi."

"Na mtu akichoka? Ifanye isikilize mpaka mwisho, Fundi. Naogopa."

"Kwa hiyo sijui kazi yangu?"

"Sijasema hivyo. Nimesema..."

"Nimekusikia!"

"Unasikia neno la kwanza, basi. Wewe na maktaba yako mko sawa."

Fundi akanuna, akabeba mkoba wake, akaondoka. Siku zilizofuata kila mmoja alimsubiri mwenzake aanze. Usingizi ulimpaa Barafu, na kazini akawa anachapa huku mawazo yako kwingine.

Mchana mmoja simu ya Fundi iliita. Moyo ukamlipuka kwa furaha, lakini sauti akaifanya kavu.

"Haya, sema."

"Fundi, nakupenda, lakini..."

Hiyo "lakini" ilimchoma. Ndiyo namna wanaume wanavyoaga, akajiambia. Akakata simu, akaizima kabisa, akalia mpaka kope zikavimba.

Kesho yake alishindwa kuvumilia. Akavaa lile gauni la manjano, akaenda hospitali kumalizana naye ana kwa ana. Alimkuta nje ya chumba cha upasuaji, hana koti.

"Ulitaka kuniambia nini jana?"

"Kwamba nimezima jokofu la tatu. Niliandika 'jaribio' mwishoni. Nikataka kuliwasha upya, nikachapa 'haraka' ili lisingoje saa nyingi kama kawaida, likagoma kuwaka."

"Ulilichapa wapi, kabla ya jina?"

Barafu aliinamisha kichwa. Hofu ilimfanya arudie kosa lile lile, na neno moja la Fundi lingeliokoa jokofu. Damu yote ilipata joto, ikamwagwa. Mama mmoja aliyekuwa anajifungua alfajiri hiyo alisubiri damu kutoka hospitali nyingine, nayo ilichelewa; sasa yuko mle ndani.

"Ni mimi," Fundi akasema. "Wewe ulinionya. Maktaba nitaibadilisha leo, na mkuu wako nitamweleza mwenyewe."

"Sasa utanisikiliza mpaka mwisho?"

Fundi akaitikia kwa kichwa. Machozi yalimtiririka.

"Nakupenda, lakini yule mama bado hajaamka. Akiamka nitakuoa, hata kama kazi sina. Asipoamka, sijui kama tutaweza kutazamana."

Fundi alikuwa na mengi ya kusema. Alijibana midomo, akayameza yote.

Taa nyekundu juu ya mlango ikazimika. Muuguzi akatoka, akishusha barakoa polepole.

"Mama amefumbua macho," akasema, "lakini..."

Fundi aliushika mkono wa Barafu, baridi kama siku ile ya foleni, akasikiliza.