Aliyemrudisha Mchukuzi wa Zamani

Jumatano saa tatu asubuhi, fundi wa hifadhidata katika ofisi ya ramani aliwasha kompyuta kuu, akatazama kioo chake, kisha akakaa bila kuangalia kama kiti kipo. Kwa bahati kilikuwepo. Kilichokosekana ni toleo jipya la programu alilolisakinisha siku mbili kabla. La zamani lilikuwa limerudi mahali pake, limetulia kama mwenye nyumba. Ilikuwa mara ya tatu ndani ya mwezi mmoja.

Saa nne Inspekta alikuwa anapanda ngazi za ofisi hiyo hadi ghorofa ya tatu, akilitukana goti lake la kushoto kimoyomoyo. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, mwenye miaka ishirini na sita katika upelelezi, na hakuwahi kukutana na mwizi wa kitu kisichoshikika. Jambo hilo lilimfurahisha. Wizi wa pikipiki ulikuwa umeshamchosha.

Mkuu wa ofisi alimpokea mlangoni, barua mkononi.

"Afande, mhalifu ninaye tayari. Ni fundi wangu mwenyewe. Barua ya kumfukuza hii hapa, saa nane naitia sahihi. Wewe nakuomba umkamate tu."

"Kama upelelezi umeshaumaliza, mimi umeniitia nini? Nije kupanda ngazi?"

Mkuu alishusha barua. "Jana jioni gari la wagonjwa lilielekezwa kwenye daraja lililofungwa. Ramani haikujua kama limefungwa. Ndani mlikuwa na mama mjamzito. Alijifungulia humo humo garini."

"Wako hai?"

"Wazima wote wawili. Mtoto wa kike. Lakini ungekuwa msiba, Afande."

Inspekta aliacha utani. "Hapo umesema kweli. Niitie huyo fundi."

Fundi alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Nieleze kama unavyomweleza shangazi yako," alisema Inspekta.

"Shangazi yangu ni mhandisi, Afande."

"Basi nieleze kama unavyomweleza mjomba."

Alitabasamu kidogo, akaeleza. Taarifa za ramani huletwa zikiwa faili moja kubwa. Kuna programu inayozitoa humo na kuzipanga ndani ya hifadhidata, ambako madereva wa magari ya wagonjwa huzisoma. Pale ofisini waliiita Mchukuzi.

"Na Mchukuzi mpya ana tofauti gani na wa zamani?"

"Wa zamani anabeba mzigo mara moja kwa mwezi. Mpya anabeba mabadiliko kila siku, saa tisa alasiri. Daraja likifungwa leo, dereva anajua leo."

"Nani anamrudisha wa zamani?"

"Sijui. Kumbukumbu za kompyuta zinasema saa saba na dakika kumi mchana. Mara zote tatu."

"Zinamtaja nani?"

"Zinasema 'ofisi'. Sote tunatumia nywila moja."

Alionyesha ukutani. Nywila ilikuwa imebandikwa hapo kwa herufi kubwa, na mtu alikuwa ameichorea ua pembeni. Inspekta aliitazama kwa huzuni.

"Saa saba ulikuwa wapi?"

"Mezani kwangu, chumba cha pili, nakula. Peke yangu."

"Huna shahidi?"

"Sina. Afande, miaka miwili nimeomba niruhusiwe kumbadilisha Mchukuzi. Kazi hii naipenda. Nyumba niijenge mwenyewe, halafu niibomoe mwenyewe?"

Inspekta alimwamini, lakini imani haipelekwi mahakamani.

Mtaalamu wa alama za vidole alikuja na brashi yake, akaishughulikia kibodi. Kabla ya saa sita majibu yalikuwa tayari. Alama zilikuwa za fundi peke yake, tena zimefutikafutika, kama vile kuna mtu aliyebonyeza juu yake. Katikati ya vibonye mlikuwa na nyuzi fupi nyeupe za pamba.

"Glavu," alisema mtaalamu. "Si za mpira. Za kitambaa."

Inspekta alimgeukia mkuu. "Funguo za chumba hiki ziko kwa nani?"

"Kwangu, kwa fundi, na kwa mtunza nyaraka, Mzee Kabati. Lakini yule hata simu anabonyezewa."

Inspekta alivuta kiti karibu na fundi. "Mtu hahangaiki kurudisha cha zamani kama hajakosa kitu. Wa zamani anabeba nini ambacho mpya habebi?"

"Hakuna, Afande. Mpya anabeba kila..." Vidole vyake vikaanza kukimbia juu ya kibodi.

Alilinganisha mizigo miwili kwa nusu saa. Mwishowe kioo kilitoa orodha ya nukta thelathini na moja. Zote zilikuwa kwenye vichochoro vya mlimani, nyuma ya soko, na zote zilikuwa za aina moja: pumziko.

"Aina hii sijawahi kuiona," alisema fundi. "Wa zamani hubeba chochote anachopewa. Mpya ana orodha ya aina anazozijua. Asichokijua anakiruka, wala hasemi."

"Nani alizipima?"

Fundi alisoma, akaweka mkono mdomoni. "Marehemu mke wa Mzee Kabati."

Walishuka pamoja hadi chumba cha nyaraka. Fundi alibaki mlangoni. Mzee Kabati alikuwa ameinamia ramani ya karatasi, glavu nyeupe za pamba mikononi, kama alivyozivaa kila siku ya kazi kwa miaka thelathini. Aliinuka, akampa mgeni kiti chake.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Afande. Karibu."

"Mchukuzi wa zamani mnamhifadhi wapi?"

"Yumo kwenye diski. Kabati la nne, droo ya pili. Na mwongozo wa kumsakinisha umo humo humo, kurasa mbili."

"Mtu akimtaka?"

"Anasaini."

"Naomba daftari."

Mzee aliliangalia daftari kwa muda, kisha akalisukuma mwenyewe mbele ya Inspekta. Diski ilikuwa imeazimwa mara tatu saa saba kamili, ikarudishwa saa saba na nusu. Kwenye safu ya mwazimaji ilikuwepo sahihi moja nadhifu, ya Mzee Kabati mwenyewe. Siku za mwizi ni arobaini, lakini huyu alikuwa amejiandikia tatu kwa wino.

"Kwa nini ulisaini, Mzee?"

"Kitu hakitoki kabatini bila sahihi." Swali lilimshangaza.

"Usingesaini, nani angejua?"

"Hapo ningekuwa mwizi, Afande."

Alivua glavu polepole, akaziweka juu ya meza.

"Ni mimi," alisema. "Mke wangu aliipima mitaa ile ya mlimani kwa miguu, magoti yakiwa yameshamharibikia. Mimi nilimbebea kamba. Kila alipopata pa kukaa, jiwe, ukuta mfupi, kizingiti cha duka, alikaa, akapaandika. Akasema, wazee wa huku watatushukuru. Sasa ana miaka miwili kaburini. Kila mchana wenzangu wanapokwenda kula, mimi nafungua ramani kwenye kompyuta, napanda naye mlima, pumziko hadi pumziko. Siku moja nafungua, hamna hata moja. Nikamuuliza mkuu. Akaniambia cha zamani kikitoka kimetoka. Nami nafahamu, karatasi ikitolewa kabatini ikachomwa, haipo tena. Nikaona wanamzika mara ya pili."

"Mzee, jana mama mmoja amejifungulia garini, kwenye daraja lililofungwa. Na huyu fundi anafukuzwa kazi saa nane kwa kosa lako."

Mzee Kabati alimtazama, kisha akamtazama mwanamke aliyesimama mlangoni. "Sikujua. Wallahi sikujua. Nipeleke kituoni, Afande. Nipeleke sasa hivi."

"Si ungeniuliza mimi, Mzee," alisema fundi.

"Ningekwambiaje, mwanangu? Mzee mzima nalilia nukta?"

Fundi aliingia, akachuchumaa mbele yake. "Hazijafutwa. Faili la asili halijaguswa, zimo mle zote. Mchukuzi mpya hakuzibeba tu. Naongeza neno moja kwenye orodha yake, atazibeba."

"Neno moja?"

"Moja."

Mzee alifunika uso kwa mikono mitupu, akalia. Inspekta alipata ghafla kazi ya kuchunguza droo ya pili.

Saa nane kasorobo mkuu aliichana barua mbele ya fundi na kumwomba radhi, ingawa radhi yenyewe ilitoka kwa shida. Mzee Kabati aliandika maelezo yake kwa mwandiko mzuri, akasalimisha ufunguo wa chumba cha kompyuta, akaomba asaini mahali kwamba ameusalimisha. Jalada lingekwenda kwa wakubwa waamue. Inspekta aliandika ndani yake yote yaliyompunguzia mzee lawama, na hakusahau kutaja nywila iliyochorewa ua. Saa tisa kamili Mchukuzi mpya aliingia na mzigo wake: daraja limefungwa, na nukta thelathini na moja zimerudi.

Kesho yake asubuhi Inspekta alikwenda kuchukua maelezo ya yule mama, aliyekuwa amesharudi nyumbani. Nyumba ilikuwa juu mlimani, nyuma ya soko, na gari halikufika. Alipanda vichochoro kwa miguu. Nusu ya njia goti liligoma kabisa.

Alitoa simu, akafungua ramani. Nukta ya saba ilikuwa hatua kumi na mbili mbele, upande wa kulia. Alijikokota, akakuta ukuta mfupi, laini kwa kukaliwa, wenye kimo kile kile ambacho goti bovu hukitaka. Alikaa. Raha iliyompata hapo hakuwahi kuipata kwenye kiti chochote cha serikali.

Akampigia Mzee Kabati.

"Mzee, niko kwenye pumziko la saba."

Upande wa pili kilisikika kiti kikivutwa.

"La saba lina kivuli mpaka saa sita tu, Afande," mzee alisema. "Alipapenda hapo. Usikawie."

Inspekta alinyoosha mguu, akakawia.